Shujaa wa nyuma ya kaunta

Haya niliyaongea siku ya Mashujaa, tarehe 25 Julai, pale Nansio, kisiwani Ukerewe, mbele ya duka la marehemu mzee wetu. Watu wengi wameniomba maandishi maana wengine siku hiyo walikuwa ziwani na wengine wako Mwanza mjini na Dar, kwa hiyo nimeandika vile vile nilivyoongea, na jina la mzee silitaji kwa heshima ya familia, wa kwetu mnamjua.

Shikamoni wazee wangu. Mwenyekiti wetu wa mtaa, Bibi yetu uliyekaa hapo mbele, mama zangu, vijana wa mwaloni kunakopaki mitumbwi, watoto wa shule mliosimama juani, nawasalimu wote. Naomba watoto wasogee huku kwenye kivuli kwanza, mzee asingekubali tuanze wakiwa wamesimama juani hivo.

Nilipoombwa kuongea leo niliambiwa niongelee ushujaa wa mzee wetu vitani, kwamba leo ni siku ya Mashujaa na yeye alikuwa mmoja wa waliokwenda kumtoa Idi Amin, na ni kweli, alienda, hilo hakuna anayelipinga. Lakini nimekaa na hili jambo wiki mbili nzima, nalala nalo naamka nalo, na nimeona nikiongelea vita peke yake nitakuwa nimemwibia mzee wangu. Vita kwake ilikuwa mwaka mmoja na kidogo. Kaunta ile mnayoiona hapo nyuma yangu alisimama miaka 38. Sasa mimi ni mwalimu, hesabu hiyo siwezi kuipita hivi hivi. Kwa hiyo vita nitaisema, alafu nitaongea habari ya sukari na mafuta ya taa na gitaa, na naomba mnivumilie maana mimi naamini kabisa ushujaa wake uko huko.

Nianze na vita. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Amin yaliingia Kagera, yakaua watu, yakachoma nyumba, yakaswaga ng'ombe, yakafika mpaka mtoni na daraja la Kyaka likavunjwa. Tarehe 2 Novemba Mwalimu Nyerere akaongea na taifa, ile hotuba wazee hapa wote mnaijua kwa kichwa, kwamba uwezo wa kumpiga tunao, sababu tunayo na nia tunayo. Mzee wetu aliisikia kwenye redio ya jirani akiwa na miaka 22, ana miezi minne tu tangu aoe, na alikuwa ameshapita mafunzo ya mgambo. Jeshi lilipanuliwa haraka sana kipindi kile, likazidi watu laki moja, wakachukuliwa polisi, magereza, JKT na mgambo kwa maelfu, na yeye akaitwa. Kutoka hapa kisiwani wakavushwa hadi Mwanza, kutoka Mwanza wakapelekwa upande wa Bukoba, na kuanzia hapo sehemu kubwa ni miguu. Ukimuuliza vita ilikuwaje alikuwa anakujibu habari za miguu. Buti likilowa wiki mbili, ngozi inavyobanduka, tope la mabwawa ya Lukaya kule Uganda mwezi wa tatu mvua inanyesha. Watu wakimkalia wakitaka habari za mizinga na saba saba, yale makombora ya mfululizo, alikuwa ananyanyuka anaenda kupanga sabuni.

Na vita haikubaki huko. Machi 1979 ndege ya Libya iliyokuwa inamsaidia Amin ilikuja kupiga Mwanza, walitaka matanki ya mafuta wakakosa, mabomu yakaangukia kisiwa cha Saanane kwenye hifadhi ya wanyama, wakafa swala. Bibi yetu alikuwa Mwanza siku hiyo kwa dada yake, ameniruhusu niseme. Mume yuko Uganda na bunduki, na yeye mke aliyeachwa sehemu salama ndo bomu linamfuata huku. Alisikia mlio, akaingia chini ya kitanda, akakaa humo mpaka jioni. Mzee alikuja kujua hilo baada ya miezi kadhaa na Bibi anasema ndo siku ya kwanza kumwona analia, hakulia alivyorudi na hakulia kwa marafiki waliobaki kule, alililia lile la chini ya kitanda.

Sasa kuna vitu viwili alivitoa vitani ambavyo ndo vilitengeneza maisha yake yote, na ndo nataka mvijue.

Cha kwanza ni gitaa, tena gitaa ambalo halikuwepo. Kikosini alikuwa na mwenzake kutoka Kigoma, fundi wa gitaa la solo, kijana aliyekuwa anapiga kwenye bendi kabla ya kuitwa. Gitaa vitani hakuna. Huyu mwenzake akachukua mpini wa koleo, lile walilochimbia mahandaki, akachora mistari kwa mkaa kwenye mpini, akamwambia hii hapa ni fret ya kwanza, hii ya pili, hii ya tatu, weka kidole hapa, na hapa, bonyeza, hiyo ni C. Jioni baada ya jioni wakisubiri amri ya kusogea, mzee wetu anabonyeza mpini wa koleo na mwenzake anamwimbia sauti ambayo ingetoka kama kungekuwa na nyuzi. Januari 1979 redio ikatangaza Mbaraka Mwinshehe amekufa kwa ajali ya gari huko Mombasa, na mzee alisema mwenzake aliinuka akaenda kukaa peke yake na lile koleo mpaka usiku ukaingia, na kesho yake akamfundisha kwa hasira, masaa mengi, kama mtu anayeona hivi vitu vinaweza kupotea vyote kwa siku moja. Mzee wetu alirudi nyumbani anajua gitaa ila hajawahi kulisikia likilia kwa vidole vyake mwenyewe. Kila nikiwaza hilo nashindwa kuendelea na kazi niliyokuwa nafanya.

Cha pili ni daftari. Hili alinisimulia mara moja tu, mwaka nilioajiriwa ualimu, nadhani aliona nimekuwa mtu mzima. Februari 1979 jeshi letu liliingia Masaka, mji wa Uganda. Mji ule uliumizwa vibaya sana, kwa mizinga na hata baada ya mizinga, hasira za Kagera zililipwa pale, na mzee hakuwahi kujivunia hilo hata siku moja. Aliingia kwenye duka moja, mlango umeng'oka, mashelfu yamelala, na chini sakafuni kwenye vumbi akaona kauntabuku limefunguka. Akaliokota. Lilikuwa daftari la mkopo. Lugha hakuijua vizuri ila alielewa kila kitu maana daftari la mkopo ni lile lile popote, jina, mstari, tarakimu, jina, mstari, tarakimu, na waliolipa wamekatwa kwa wino mwekundu. Aliniambia, "Mwanangu, nilikuwa nimeshika mji mzima mkononi. Nani ana watoto wengi unaona kwa sukari, nani ana mgonjwa unaona, nani kafiwa unaona." Akasimamisha shelfu moja, akaliweka lile daftari juu, akatafuta jiwe la mizani akaliwekea juu lisipeperuke, mwenyewe akirudi alikute. Akatoka. Hakujua kama mwenyewe alirudi.

Hapo ndo alipoamua kuwa na duka. Yaani wenzake walikuwa wanawaza watapandishwa cheo au watapewa kazi mjini, yeye anawaza kaunta.

Aliporudi mambo hayakuwa rahisi. Mgambo alirudi kwao na shukrani na maisha yakaendelea, pensheni hakuwa nayo na hakuwahi kulalamika mbele ya watu, ingawa mimi nalalamika kwa niaba yake na leo nalisema kwa sauti, wapo wazee wa namna hii kando ya ziwa letu lote na wengi wanakaribia kuisha. Nchi yenyewe ilikuwa imechoka, vita ilikula pesa, miaka ile ya mwanzo wa themanini sukari ilikuwa ya foleni, sabuni ya foleni, vitenge vya foleni, wazee mnakumbuka watu walivyooga kwa majani ya mpapai. Mwaka 1983 ikaja operesheni ya wahujumu uchumi, mtu akionekana na katoni mbili za sabuni anaulizwa, wazee wanasema kuna waliotupa mali ziwani usiku. Kipindi hicho mzee anauza machungwa. Ananunua hapa kisiwani, anapanda nayo meli, anauza Mwanza, anarudi, anaweka pesa kidogo kwenye kopo. Alipoingia Mzee Mwinyi na biashara zikaruhusiwa, mwaka 1986 mzee wetu akafungua hii fremu mnayoiona, ikiwa na chumvi, kiberiti, mafuta ya taa, sabuni ya mche anayokata vipande kwa uzi, na ndoano. Ndo mtaji wote.

Gitaa alilipata mwaka huo huo, bovu, kutoka kwa bendi moja iliyokuwa inasambaratika pale Mwanza, halina nyuzi tatu. Nyuzi madukani hakuna. Akachambua waya wa breki ya baiskeli akapata nyuzi nene, nyembamba akaweka nailoni ya mshipi, ile ile aliyokuwa anawauzia wavuvi. Alafu akaweka vidole pale alipofundishwa kwenye mpini wa koleo, miaka saba imepita, akapiga, na ikatoka. C ikatoka C. Bibi yupo hapa ni shahidi, alikuwa anachambua mchele, anasema mzee aliliweka gitaa chini akatoka nje akatembea hadi ziwani akarudi, ndo akapiga tena.

Sasa nije kwenye duka lenyewe, maana hapa ndo moyo wangu ulipo.

Wageni mliotoka mjini huenda hamjui dagaa anavuliwaje. Dagaa anavuliwa usiku kwa taa, zamani karabai, siku hizi za sola. Taa inamvuta anapanda juu anazungushiwa wavu. Lakini mwezi ukijaa ziwa lote linang'aa, taa ya mvuvi haina kazi, dagaa ametawanyika, kwa hiyo siku kama kumi hivi za mbalamwezi mitumbwi inapumzika, wavuvi wanashona nyavu, wanakaa nchi kavu, na mfukoni hakuna kitu. Giza likirudi ndo pesa inarudi. Watu wa mshahara wana tarehe 30, sisi huku tuna mwezi wa juu.

Mzee wetu alilijua hilo na daftari lake halikufuata kalenda ya ukutani. Lilifuata mwezi. Wenye maduka wengine walikuwa wanadai mwisho wa mwezi wa kalenda, na mwisho wa mwezi ukiangukia mbalamwezi mvuvi anatoa wapi, anagombezwa mbele ya watoto wake, analipa kwa kuuza wavu, akiuza wavu giza likija anavua na nini? Basi anakuwa kibarua wa mwenye mtumbwi maisha yake yote. Nimeona wanaume wazima wameishia hivo kwa deni la mafuta ya taa. Mzee kwenye kauntabuku lake alichora kwa kalamu duara jeupe na duara jeusi juu ya kila ukurasa, jeupe anakopesha hadai, jeusi anadai, na akidai anadai kweli, anakufuata mwaloni asubuhi mtumbwi unapopaki kabla hujaanika, anakusalimia, anasimama. Hasemi neno. Unalipa. Sasa hapo ukitaka kunielewa naongea nini ninaposema ushujaa, hesabu ni mitumbwi mingapi mwaloni hapa bado iko kwa wenyewe.

Na zile usiku za mbalamwezi, wavuvi wako nchi kavu, hawana kazi, hawana hela ya kwenda popote, wana mawazo, wengine wanaanza kugombana na wake zao, basi hapo ndo alikuwa anatoa kreti la soda nje, anakaa na gitaa. Haikuwa bahati tu kwamba anapiga usiku wa mwezi, alipanga. Usiku wa giza hapigi, anasema wanaume wako kazini, nitampigia nani. Upigaji wake ulikuwa na mkono wa dansi wa kule kwa mwenzake wa Kigoma, lakini babu yake mzaa mama alikuwa mpiga nanga ya Kikerewe, ile ala ya nyuzi, na hiyo nayo ilikuwa inatokea kwenye vidole, ile kurudia rudia nyuzi za chini huku anaongea juu yake, anasimulia, anataja watu. Alikuwa anaimba habari zetu. Nani kazaa, nani katoka hospitali Bugando amepona, nani mtoto wake kafaulu. Mtu unasikia jina lako kwenye gitaa usiku na kesho asubuhi hata huna shilingi unatembea umenyooka. Kurekodi hakurekodi, aliwahi kuitwa Mwanza mara mbili, akasema nani atafungua duka.

Naomba sasa niseme la kwangu mwenyewe na nikikwama mnisubiri.

Baba yangu alikuwa mvuvi wa dagaa na alikuwa anapeleka mzigo Bukoba. Tarehe 21 Mei 1996 alikuwa anarudi na MV Bukoba. Wote mnajua. Meli ilifika karibu kabisa na Mwanza ikapinduka na watu zaidi ya 800 wakafa, wengine wamelala Igoma na wengine hawakuonekana, baba yangu hakuonekana. Nilikuwa na miaka tisa. Miezi ile watu wengi huku waliacha kula samaki, hamkuweza kuwaambia kitu, na wavuvi wakakaa bila wateja, kwa hiyo msiba ule ulitupiga mara mbili, ukachukua watu alafu ukachukua riziki.

Baba aliacha deni hapa dukani. Mama alikuja baada ya matanga, mi nimeshika kanga yake, akasema mzee nimekuja kuomba hili deni lisamehewe, mwenyewe hayupo. Watu waliokuwepo wote walitegemea mzee atakata ukurasa. Hakukata. Akasema, "Mama, deni lipo. Utalipa giza kwa giza, hata mia mbili." Kuna watu walimsema sana kwa hilo, na mimi mwenyewe nilimchukia, nilikuwa nikitumwa dukani namnunia miaka.

Mama alilipa miaka minne. Giza kwa giza. Alianza kununua dagaa mbichi kidogo mwaloni na kuanika, kwa sababu alikuwa na deni la kulipa ilibidi atoke ndani, na kwa sababu alikuwa kwenye daftari alikuwa na haki ya kuja kukopa tena kama mteja yeyote, unga, mafuta, madaftari yangu ya shule. Hakuwahi kusimama pale kaunta kama mjane anayeomba, alisimama kama mtu mwenye ukurasa wake. Siku alipomaliza mzee alichukua kalamu nyekundu akampa mama mkononi, akamwambia kata mwenyewe. Mama akakata. Alafu akaomba wimbo, mchana kweupe, na mzee ambaye hapigi mchana akapiga.

Nilikuja kumuuliza nikiwa mkubwa, kwa nini hukusamehe. Akasema ukimfutia mtu deni wakati ana aibu, harudi dukani, anapita njia ya nyuma, na akipita njia ya nyuma umempoteza. Nadhani alikuwa bado anaona lile daftari la Masaka, wale watu ambao majina yao yalibaki hayajakatwa na hakuna wa kuwakata. Hilo ni la kwangu kudhani, yeye hakusema.

Mambo mengine nitayapita haraka. Mwaka 1999 Ulaya walipozuia samaki wa ziwa letu kwa sababu ya habari za uvuvi wa sumu, bei ya sangara ikaanguka mwaloni mpaka watu wakawa wanaangalia samaki tu, na daftari lake likajaa mpaka akanunua la pili, akauza baiskeli yake ili alete mzigo. Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipopinduka pale kisiwa cha Ukara siku ya gulio, watu zaidi ya 200 wakafa, alikuwa mzee tayari, alitoa bafta yote ya sanda iliyokuwa dukani akapanda nayo mtumbwi asubuhi yake kwenda Bwisya, na karibu mwaka mzima mbalamwezi zikapita gitaa likiwa limefunikwa. Hakueleza na hakuna aliyemuuliza.

Mizani. Nisisahau mizani. Mizani yake ilikuwa imegeuzwa uso kwa mteja, yeye ndo anachungulia kwa pembeni. Kila mtoto wa hapa alijifunza kusoma mizani kabla ya kufika darasa la tatu, na kusoma tulisoma kwenye vipande vya magazeti ya Uhuru na Mzalendo alivyofungia sukari, mtoto akitaka pipi ya bure anasoma kwanza mstari mmoja kwa sauti. Mimi ni mwalimu leo, nimefundisha watoto wengi sana kusoma, na bado sijapata njia inayoizidi ile.

Na yule kijana wa Kigoma. Hawakuonana tena baada ya vita. Mzee hakuwa na anwani, alikuwa na jina na mkoa tu. Basi miaka yote ile ya RTD, Redio Tanzania, alikuwa ananunua kadi za salamu, anaandika, anatuma Dar, salamu zimfikie fulani popote alipo, ujumbe wangu kidole cha tatu bado kinauma. Wakubwa mnakumbuka zile kadi zinasomwa redioni majina kwa majina. Hakuna jibu lililorudi. Baadaye kadi zikaisha, simu zikaja, akamwomba mjukuu wake atafute jina kwenye simu, wakatafuta, hawakupata. Kama kuna mtu ana ndugu Kigoma ambaye alikwenda Kagera na alikuwa mpiga solo, na aliwahi kusimulia habari ya mpini wa koleo, mje muone familia. Hata kama hayupo tena, watoto wake wanapaswa kujua alichofanya kwa mkaa.

Mzee alifariki mwezi wa tatu mwaka huu, usingizini, na kauntabuku la mwisho lilikuwa chini ya mto. Familia imekaa, na Bibi amenituma niseme haya matatu.

Duka halifungwi. Mjukuu wake wa kike aliyekuwa anasoma uhasibu Mwanza amerudi, ndo yule pale amesimama mlangoni anajificha. Mizani itabaki imewaangalia nyie.

Daftari lipo na madeni yapo. Bibi anasema msije kwa huruma mkalipa yote leo kwa sababu ya sherehe, mlipe kama mlivyozoea. Kuna watu 63 humo, wawili ni marehemu, familia zao zije zizungumze naye kwa utulivu ndani.

La mwisho ni gitaa. Mnajua mzee hakumpa mtoto gitaa siku ya kwanza. Alikuwa na mpini wa koleo hapo nyuma ya pazia, amechora mistari kwa kisu ili isifutike, na kila aliyetaka kujifunza, nikiwemo mimi, alikaa na huo mpini wiki sita, anakuimbia sauti, mpaka vidole vijue njia. Mpini ninao hapa mkononi, umekuwa laini kama mfupa kwa mikono ya watoto. Wiki hii mwezi unajaa. Jumatano mitumbwi haitoki. Kreti la soda litatolewa nje saa moja usiku, nitapiga mimi, sijafika hata robo yake ila nitapiga, na nitataja majina. Watoto wanaotaka kuanza waje mapema, saa kumi na moja jioni, wakiwa wamenawa mikono, mpini ni mmoja kwa hiyo watapokezana.

Shikamoo Bibi. Nimemaliza.